Kupanga usajili wa timu ya NFL bila kuvuka kikomo cha mishahara, hatua kwa hatua

Katikati ya Machi, saa 5 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, mwaka mpya wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, unaanza. Huko New York ni saa 10 alasiri. Dakika hiyo hiyo mikataba ya mamia ya wachezaji inakwisha, na kila timu kati ya zile 32 inatakiwa iwe na hesabu ya mishahara iliyo chini ya kikomo. Shabiki anayekesha anasubiri kusikia nani anakuja. Mwenye daftari na kalamu anajua kwamba sehemu kubwa ya usiku ule iliamuliwa miaka miwili au mitatu nyuma, siku mchezaji fulani aliposaini na kulipwa pesa ambayo hesabu yake haijakwisha mpaka leo.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na madeni. Ununuzi utafuata baadaye, na kwa muda mfupi kuliko unavyotarajia.

Nauandika kwa ajili ya mtu anayetaka kupanga mwenyewe, kwenye kaunta buku au kwenye jedwali la kompyuta, nini timu yake ya mpira wa Kimarekani ifanye kati ya Februari na Agosti. Kama umezoea usajili wa Simba na Yanga, au wa Ligi Kuu ya Uingereza, kuna mambo mawili ya kuweka kando kwanza. Hapa hakuna ada ya uhamisho: mchezaji anabadilishwa na mchezaji mwenzake, au na nafasi ya kuchagua vijana kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya kila mwaka, raundi kwa raundi. Na utajiri wa mmiliki haumpi haki ya kulipa mishahara mikubwa kuliko jirani yake. Kikomo ni kimoja kwa wote. Mwaka 1994 kilipoanza kilikuwa dola milioni 34.6. Mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2.

Kabla ya yote, elewa kikomo kinahesabu nini

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tuende taratibu.

Mchezaji anapata pesa za aina mbili kubwa. Kuna mshahara wa mwaka, ambao unahesabiwa kwenye kikomo mwaka ule ule anaolipwa. Na kuna bonasi ya kusaini, ambayo anaipata mapema, lakini kwenye vitabu vya kikomo inagawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Mchezaji ameshaijengea mama yake nyumba kwa pesa ile. Timu inaendelea kuihesabu kidogo kidogo. Ni kama mkopo wa SACCOS: kiwanja umeshanunua, makato yanaendelea kila mwezi, na hata ukiuza kile kiwanja makato hayakuachi.

Chukua mkataba wa mfano, nitautumia mpaka mwisho. Mpokeaji mmoja, yaani mdaka pasi, amesaini miaka 4 kwa dola milioni 60. Bonasi ya kusaini ni milioni 20, yaani milioni 5 kila mwaka kwenye kikomo. Mishahara yake ni milioni 4, kisha 10, kisha 12, kisha 14. Mzigo wake kwenye kikomo unakuwa hivi:

Mwaka wa 1: 4 + 5 = 9
Mwaka wa 2: 10 + 5 = 15
Mwaka wa 3: 12 + 5 = 17
Mwaka wa 4: 14 + 5 = 19

Jumla ni 60. Magazeti yataandika kwamba mchezaji analipwa milioni 15 kwa mwaka, na ni kweli kwa wastani, lakini hiyo 15 haitakusaidia kupanga kitu. Wewe unahitaji namba ya mwaka husika.

Pia kuna salio. Timu ambayo haikumaliza nafasi yake chini ya kikomo mwaka jana inaruhusiwa kuihamishia mwaka huu. Kwa hiyo kikomo halisi cha timu yako ni kile kilichotangazwa na ligi, jumlisha salio, toa makato mengine. Anza na namba hiyo, ukurasa wa kwanza, juu kabisa.

Hatua ya 1: Andika kikosi chako, wote, kwa mzigo wao

Mwishoni mwa Februari panga majina kuanzia mwenye mzigo mkubwa hadi mdogo. Timu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 90 wakati wa mapumziko, lakini kuanzia Machi mpaka msimu uanze, kikomo kinahesabu mizigo 51 mikubwa tu, pamoja na vipande vya bonasi vya waliobaki nje ya hao na madeni ya waliokwisha ondoka. Chora mstari chini ya jina la 51.

Mstari huo una kazi. Ukimsajili mtu mwenye mzigo wa milioni 10, anaingia juu ya mstari na kumsukuma chini yule wa 51, ambaye pengine alikuwa kwenye mshahara wa chini kabisa, dola 840,000 kwa mwaka 2025. Umetumia milioni 9.16, siyo 10. Kwa mtu mmoja ni tofauti ndogo. Kwa watu wanane ni karibu milioni 7, na hiyo ni bei ya mlinzi mzuri wa akiba.

Lakini usilewe na hesabu hiyo. Msimu ukianza wanahesabiwa wote 53 wa kikosi cha msimu, na walio majeruhi, na kikosi cha mazoezi, yaani wale wa akiba wanaofanya mazoezi tu na timu. Anayetumia nafasi yote mwezi Machi, Septemba atakuwa anatafuta wa kumtema.

Hatua ya 2: Kila jina liwe na namba mbili, akibaki na akiondoka

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na muda wa kufanya moja tu, fanya hii.

Mchezaji akiachwa au akipelekwa timu nyingine, vipande vyote vya bonasi ambavyo havijahesabiwa vinaanguka kwa pamoja kwenye kikomo cha timu aliyoiacha. Hiyo ndiyo pesa mfu: inakula nafasi, na haina mtu uwanjani. Kinachookolewa ni mshahara wa mwaka huo tu, nao kama haukuwa wa uhakika, yaani ule ambao timu imeahidi kuulipa hata ikimwacha.

Rudi kwa mpokeaji wetu. Baada ya mwaka wa kwanza unataka kumwacha. Vipande vitatu vimebaki, milioni 15. Mzigo wake ungekuwa 15 akibaki. Akibaki 15, akiondoka 15. Umempoteza mchezaji na hukupata hata senti. Kama mshahara wa mwaka wa pili, ile milioni 10, ulikuwa wa uhakika, mambo ni mabaya zaidi: akiondoka unabeba 25. Ndiyo maana ukisikia watu mtandaoni wanapiga kelele "mteme huyo", swali la kwanza ni yuko mwaka wa ngapi.

Baada ya mwaka wa pili picha inabadilika. Vipande viwili vimebaki, milioni 10, na mzigo wake akibaki ni 17. Ukimwacha unaokoa 7.

Hapo inaingia tarehe ambayo kila mpangaji lazima aijue, Juni 1. Anayeondoka baada ya tarehe hiyo, pesa mfu yake inagawanyika: kipande cha mwaka huu kinabaki mwaka huu, vilivyosalia vinakwenda mwaka ujao. Kwa mpokeaji wetu ni 5 mwaka huu na 5 mwakani, na akiba ya mwaka huu inapanda kutoka 7 hadi 12. Timu inaweza pia kumwacha mchezaji Machi na kumtangaza kama aliyeachwa baada ya Juni 1, lakini kwa wachezaji wawili tu kwa mwaka, na nafasi ile haifunguki mpaka Juni yenyewe. Mzigo wake mzima unabaki vitabuni Machi, Aprili na Mei. Hapa nimeona mipango mingi ya mashabiki ikivunjika. Mtu anaandika milioni 12 za Juni, halafu anazitumia kumsajili mlinzi usiku wa Machi. Pesa hiyo wakati huo haipo. Ni ya kusajili vijana wa drafti na kuziba mapengo ya kiangazi.

Mfano mkubwa wa kweli ni Denver na Russell Wilson, kwotabeki wao, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Walimpa mkataba mpya Septemba 2022, kabla hajawachezea hata mechi moja ya msimu. Baada ya misimu miwili wakaamua basi. Machi 2024 walimwacha kwa utaratibu wa Juni 1, wakabaki na pesa mfu ya dola milioni 85: milioni 53 mwaka 2024 na 32 mwaka 2025. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kubeba mzigo wa namna ile kwa mtu mmoja. Wilson akaenda Pittsburgh kwa mshahara wa chini wa mkongwe, dola milioni 1.21, huku Denver ikiendelea kumlipa karibu dola milioni 38 zilizobaki za mwaka ule.

Wengi waliona ni kujiua. Mimi naona walifanya sawa, na sababu ni drafti: mwezi uliofuata walimchukua kwotabeki Bo Nix kwenye nafasi ya 12, kijana ambaye mshahara wake ni sehemu ndogo ya kile anacholipwa mkongwe. Walibeba maumivu wakati nafasi ghali kuliko zote uwanjani ilikuwa na mtu wa bei nafuu. Msimu ule walishinda mechi 10, wakaingia mchujo wa kuwania ubingwa. Pesa mfu inauma kila mara, ila kuna miaka unayoweza kuimeza na miaka ambayo itakukaba.

Hatua ya 3: Amua mikataba ipi ipangwe upya, na ipi usiiguse

Kupanga upya mkataba ni njia ya haraka ya kufungua nafasi. Unachukua sehemu kubwa ya mshahara wa mwaka huu, unamlipa mchezaji kama bonasi mara moja, kisha unaigawanya kwa miaka iliyobaki. Mchezaji hapotezi kitu, analipwa mapema. Mara nyingi mkataba wenyewe unaipa timu haki ya kufanya hivyo bila hata kumuomba.

Kwa mpokeaji wetu katika mwaka wa 3: mshahara wa milioni 12 unashushwa hadi 1.2, na milioni 10.8 zinakuwa bonasi. Ikigawanywa kwa miaka miwili iliyobaki ni 5.4 kila mwaka, umeokoa 5.4. Timu nyingi hazitosheki hapo. Zinaongeza mwishoni mwa mkataba miaka ambayo mchezaji hatacheza, kazi yake ni kubeba vipande tu. Naiita miaka hewa, kwa sababu inafanana sana na wale wafanyakazi hewa: wako kwenye orodha, kazini hawapo.

Ukimwongezea miaka hewa mitatu, zile 10.8 zinagawanywa kwa mitano, yaani 2.16 kila mwaka. Mzigo wa mwaka wa 3 unashuka kutoka 17 hadi 8.36. Umefungua milioni 8.64 kwa kalamu. Sasa andika yanayofuata, maana hapa ndipo daftari linapomshinda shabiki wa kelele. Mwaka wa 4 mzigo unakuwa 21.16 badala ya 19. Mkataba ukiisha, vipande vitatu vya miaka hewa vinaanguka pamoja: milioni 6.48, kwa mtu ambaye huenda wakati huo anakufunga akiwa na jezi ya jirani. Jumlisha 8.36, 21.16 na 6.48. Ni 36. Kabla hujapanga upya ilikuwa 17 na 19, ambayo nayo ni 36. Haikupungua hata dola moja.

Sisemi usitumie. Kikomo kinapopanda kila mwaka, deni la mwakani ni jepesi kidogo kuliko la leo. Ila kupanda huko si ahadi. Mwaka 2020 kikomo kilikuwa milioni 198.2. Janga la korona likafunga viwanja, na mwaka 2021 kikashuka hadi 182.5. Waliokuwa wamesukuma madeni mbele walikutana nayo yote mahali pembamba. New Orleans walikuwa mstari wa mbele katika hilo. Drew Brees alistaafu Machi 2021, na vipande vya bonasi zake vikaendelea kula kikomo chao mwaka ule na mwaka uliofuata.

Kanuni yangu kwenye daftari ni hii: panga upya mkataba wa mtu ambaye ungependa kuwa naye miaka mitatu ijayo hata kama angekuwa na bei ile ile. Kwotabeki mwenye umri wa miaka 27, ndiyo. Mlinzi wa kwotabeki aliye imara, ndiyo. Mkongwe wa miaka 31 ambaye goti lilimsumbua msimu uliopita, hapana, hata kama ndiye mwenye mshahara mnono unaotamanisha. Kila unapopanga upya mkataba wa mtu unajifunga naye, kwa sababu ile namba ya "akiondoka" inakua. Rudi Hatua ya 2 uiandike upya papo hapo, usisubiri.

Hatua ya 4: Waliomaliza mikataba, wako wewe

Kabla ya kutazama wachezaji wa watu wengine, maliza habari ya wako. Una njia tatu.

Ya kwanza ni tagi. Kila timu inaruhusiwa tagi moja kwa mwaka, katika dirisha la wiki mbili linalofungwa mwanzoni mwa Machi. Mchezaji anafungwa kwa mwaka mmoja, kwa mshahara unaotokana na wastani wa mishahara mitano mikubwa ya nafasi yake. Pesa zote zinakaa kwenye mwaka huo mmoja, hakuna cha kugawanya. Cincinnati walimwekea tagi mpokeaji Tee Higgins mwaka 2024, karibu dola milioni 21.8. Mwaka 2025 wakaiweka tena, na tagi ya pili ni asilimia 120 ya ya kwanza: milioni 26.2. Kabla msimu haujaanza wakampa mkataba wa miaka minne wa milioni 115. Ukitazama tagi kama njia ya kununua muda wa mazungumzo, iko sawa. Ukiitazama kama suluhisho, mwaka wa pili itakukumbusha. Na kumbuka tarehe 15 Julai: ikipita bila mkataba mrefu, mchezaji aliyewekewa tagi anacheza kwa mwaka huo mmoja tu.

Ya pili ni kumwongezea mkataba mwaka mmoja kabla haujaisha. Ni njia bora kwa mchezaji kijana, kwa sababu bado hajaonja bei ya soko.

Ya tatu ndiyo ngumu moyoni: kumuuza akiwa bado mzuri. Machi 2022 Kansas City walikuwa na Tyreek Hill, mpokeaji mwenye kasi kuliko wote, amebakiza mwaka mmoja na anataka kulipwa kama kinara. Kwotabeki wao Patrick Mahomes alikuwa na mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 450 kabla ya nyongeza. Walimpeleka Hill Miami wakapata nafasi tano za drafti, ikiwemo ya raundi ya kwanza na ya pili mwaka ule ule. Miami wakampa Hill nyongeza ya miaka minne ya milioni 120. Nafasi ile ya raundi ya kwanza Kansas City waliitumia kupanda juu na kumchukua Trent McDuffie, konabeki, yaani mlinzi anayewakaba wapokeaji. Wakatwaa Super Bowl, fainali ya ligi, Februari 2023, wakatwaa tena Februari 2024.

Watu wanalisimulia hilo kama ushindi wa akili juu ya mapenzi. Mimi naliona kama suala la tarehe. Wangemuuza mwaka mmoja baadaye, mkataba ukiwa umekwisha, wasingekuwa na cha kuuza. Wangempa zile 120, wangelazimika kuuza watatu wengine. Kwenye daftari lako weka alama kwenye kila jina lililobakiza mwaka mmoja, jiulize swali moja: mwakani nitamlipa bei ya soko? Kama jibu ni hapana, mazungumzo ya kumbadilisha yanaanza leo.

Hatua ya 5: Soko

Siku mbili kabla ya mwaka mpya, saa 1 jioni kwa saa zetu, timu zinaruhusiwa kuanza mazungumzo na mawakala wa wachezaji watakaokuwa huru. Ndani ya saa chache za kwanza majina makubwa yote yamekwisha, kwa bei za juu. Ni mnada, na mnada una hasira zake.

Ushauri wangu ni mfupi: nunua mmoja wa siku ya kwanza kama nafasi anayocheza iko wazi kikosini mwako na umri wake uko chini ya 27, kisha kaa kimya wiki moja. Wiki ya pili wanapatikana walinzi na wapokeaji wa msaada kwa mkataba wa mwaka mmoja kwa bei ya kawaida kabisa.

Kukaa kimya kuna faida nyingine ambayo mashabiki wapya hawaijui. Timu inayopoteza wachezaji huru wengi kuliko inaowasajili inalipwa na ligi nafasi za ziada za drafti mwaka unaofuata, kati ya raundi ya tatu na ya saba. Wanaohesabiwa ni wale ambao mikataba yao ilikwisha. Aliyeachwa na timu yake hahesabiwi, kwa hiyo unaweza kumsajili bila kujiharibia. Baltimore wameishi kwa utaratibu huu miaka mingi. Tenga safu mbili kwenye daftari, waliotoka na walioingia, na kabla ya kumsajili mtu wa milioni 6 tazama kama anakufutia nafasi ya raundi ya nne. Siku chache baada ya drafti, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, usajili mpya hauhesabiwi tena. Wakala wa mkongwe anayesubiri anajua hilo, nawe ulijue.

Hatua ya 6: Drafti ndiyo mahali pesa inapozaa

Mwaka 2010 mchezaji wa kwanza kwenye drafti, Sam Bradford, alipata miaka sita ya dola milioni 78, milioni 50 zikiwa za uhakika, kabla hajarusha pasi moja. Mwaka uliofuata makubaliano na chama cha wachezaji yalibadilika, na wa kwanza, Cam Newton, alipata miaka minne ya milioni 22. Tangu hapo bei ya kila nafasi inajulikana mapema, na mkataba ni wa miaka minne, na mwaka wa tano kwa hiari ya timu kwa waliochaguliwa raundi ya kwanza. Mchezaji wa drafti haruhusiwi kufungua mazungumzo mapya mpaka amalize misimu mitatu.

Maana yake ni kwamba kijana akifanikiwa, una miaka mitatu ya kula matunda. Brock Purdy alikuwa wa 262 mwaka 2022, wa mwisho kabisa. Msimu wa 2023 aliipeleka San Francisco Super Bowl kwa mzigo usiofika dola milioni 1. Timu yake iliweza kulipa nyota pande zote kwa sababu ya mtu huyo mmoja.

Kisha bili ikaja, na namna walivyoipokea ni somo zuri kuliko ushindi wenyewe. Machi 2025, kabla hawajamlipa Purdy, waliwaacha waende Talanoa Hufanga, Dre Greenlaw, Charvarius Ward na Aaron Banks, wakampeleka Deebo Samuel Washington kwa nafasi ya raundi ya tano tu, huku wakimeza zaidi ya dola milioni 30 za pesa mfu yake kwa mkupuo. Mei wakamwekea Purdy mezani miaka mitano, milioni 265. Nilipokuwa nayaandika majina yale moja chini ya lingine kwenye ukurasa wa kushoto, na lile moja kwenye ukurasa wa kulia, ndipo nilipoelewa uzito wa kwotabeki kuliko kwa maelezo yoyote. Kama timu yako ina kijana anayeng'ara katika mwaka wa pili, ukurasa wake wa kushoto anza kuuandika sasa.

Tenga pesa za drafti, lakini usitenge kupita kiasi. Kijana wa raundi ya sita hatavuka mstari wa 51, hivyo wakati wa kiangazi karibu hagharimu kitu. Wa raundi ya kwanza na ya pili ndio watakaosukuma watu chini.

Hatua ya 7: Kiangazi, na wale 37

Juni pesa ya walioachwa inafunguka. Itumie kwa mambo mawili: kukamilisha mikataba ya vijana, na kuweka akiba. Kikosi cha mazoezi peke yake, wachezaji 16 kwa dola 13,000 kwa wiki mwaka 2025, kwa wiki 18, ni karibu milioni 3.7, na hiyo ni kwa kiwango cha chini. Timu inaruhusiwa wa 17 kama anatoka nje ya Marekani kupitia mpango wa kimataifa. Daniel Adongo, Mkenya aliyetokea kwenye raga, alianzia kikosi cha mazoezi cha Indianapolis mwaka 2013 kabla ya kupandishwa. Ongeza akiba ya kuwasajili watakaoziba nafasi za majeruhi. Mimi huandika milioni 8 kwa jumla, na sijutii.

Sasa kuna jambo ambalo halimo kwenye kanuni, nami naliweka kwa makusudi. Kama unajua mkongwe fulani hatakuwa nawe Septemba, mwache Machi. Mwezi huo timu zote zina nafasi na pesa, atapata kazi na mshahara wa heshima. Ukimshikilia mpaka Agosti kwa sababu tu hakugharimu kitu chini ya mstari wa 51, unamtoa siku ambayo timu zote zinatema watu: kila moja inashuka kutoka 90 hadi 53, watu 37, mara 32. Ni karibu watu 1,200 sokoni kwa mpigo. Wachezaji wanalijua hili, mawakala wanalikumbuka, na timu inayowatendea wakongwe vizuri hupigiwa simu kwanza wanapotafuta pa kwenda kwa mshahara mdogo.

Jioni ya kupunguza kikosi, futa ule mstari wa 51 na uhesabu wote 53, majeruhi, kikosi cha mazoezi na pesa mfu yote. Toa kwenye kikomo. Kinachobaki kiandike kwa kalamu juu ya ukurasa mpya, ukurasa wa mwaka ujao, mahali pa salio.